Mfuko wa Kisu Kiunoni

Njia za Mamba na Vudee, katika Milima ya Upare, zina miteremko mikali. Mvua ikinyesha, zinateleza. Hata hivyo, wakulima wengi hushuka na kisu kitupu mkononi. Ukianguka, kisu hicho kitakukata wewe. Usiseme ni bahati mbaya.

Shona mfuko wa kuvaa kwenye mkanda. Turubai kuukuu linatosha. Likunje, shona pande mbili, acha mdomo. Nyuma shona kitanzi cha kupitisha mkanda. Ndani, chini kabisa, weka kipande cha tairi la baiskeli. Wengi husahau hapo, na ncha ya kisu hutoboa.

Wengine husema hiyo ni kazi ya fundi cherehani. Sikubali. Anayeshona gunia la mahindi anaweza kushona mfuko huu, kwa sindano ile ile.

Uvae ubavuni, si tumboni.