Wimbo Nao Upewe Cheti cha Kuvuka Mpaka

Mfanyabiashara anayepitisha mchele, vitenge au mitumba Busia, Malaba au Mutukula anaijua foleni. Anajua pia kwamba wimbo haupangi foleni: uliorekodiwa Kampala wiki hii, wiki ijayo unasikika kwenye malori Kenya na Tanzania. Lakini wimbo huo ukitakiwa kuwa malighafi ya bidhaa nyingine, safari yake hukwama.

Mtaa wa Kamwokya, Kampala, unaonyesha tatizo hilo. Hapo ndipo ilipo studio ya Firebase, iliyohusishwa na Bobi Wine tangu enzi za muziki wake. Hapo hapo, katika Barabara ya Kanjokya, Hive Colab, kituo kilichoanzishwa 2010, kilijijengea jina kwa kuwalea vijana wanaotengeneza programu. Muziki na programu ni majirani. Gemu za muziki za simu, ambazo mchezaji hugusa kioo akifuata mdundo, zingeweza kutoka hapo zikiwa na nyimbo za mtaani. Kipaji kipo, kinachokosekana ni karatasi.

Kuweka wimbo ndani ya gemu kunahitaji ruhusa mbili: ya mwenye utunzi na ya mwenye rekodi. Leseni ya kupiga muziki baa au dukani haitoshi. Tena mara nyingi mwimbaji, prodyuza na aliyelipia studio hawakuandikiana chochote, hivyo mnunuzi hajui amlipe nani. Akiutumia wimbo bila ruhusa, mwenye haki akalalamika, gemu huondolewa kwenye duka la programu na jasho lote hupotea. Akikwepa kwa kuchukua midundo ya bure kutoka ng'ambo, msanii wa Kamwokya hapati hata senti.

Akitaka pia nyimbo za Nairobi na Dar es Salaam, kazi huongezeka. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ni ya 2006, ya Kenya 2001, ya Tanzania 1999, na kila nchi ina ofisi yake. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inataka ushirikiano katika haki za ubunifu, lakini mtengenezaji mdogo bado anabisha mlango mmoja mmoja.

Wafanyabiashara wadogo wanaijua dawa. Bidhaa za Afrika Mashariki zilizo kwenye orodha, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, hupita kwa cheti cha uasili kilichorahisishwa, kinachotolewa mpakani. Wimbo nao unastahili utaratibu kama huo: fomu moja, ada inayojulikana mapema na mgawo ulio wazi, vikitambuliwa na ofisi za hakimiliki za nchi wanachama.

Wapo wasanii watakaohofia kupunjwa na ada nafuu. Hofu hiyo ina msingi, ndiyo maana lazima kuwe na kikomo. Gemu ikianza kuingiza fedha nyingi, mazungumzo ya kawaida yafuate, kama vile shehena inayozidi dola 2,000 inavyorudi kwenye taratibu za kawaida.

Wasanii nao wasisubiri serikali. Karatasi moja iliyosainiwa siku ya kurekodi, ikitaja fungu la kila mmoja, inatosha kuanzia. Kila mchuuzi wa mpakani anajua kwamba mzigo usio na hati hulala njiani. Wimbo usio na hati nao utachezwa kila mahali, na mwenyewe asilipwe popote.