Kompyuta kwa watoto wa Rungwe: Mizani ya chai inaweza kutangulia kishikwambi

Mtoto wa darasa la kwanza pale Isongole, chini ya Mlima Rungwe, anajua vifaa vingi kabla hajashika penseli. Anajua ndoo ya maziwa, kapu la majani ya chai, panga la babu ambalo haruhusiwi kuligusa, na chaja moja ya simu inayogombaniwa na nyumba nzima.

Akifika shuleni anakutana na kompyuta kwenye kitabu. Anachora kioo, kibodi na kipanya. Anazitaja sehemu zake kwa kuimba na wenzake, anapata vema. Kompyuta yenyewe, kama shule inayo, mara nyingi iko ofisini kwa mwalimu mkuu, imefunikwa kitambaa isiingie vumbi.

Na hicho kipanya kinachekesha kidogo. Kwa mtoto ambaye hajawahi kukishika, kipanya ni panya mdogo, basi. Ukimwambia "bofya kipanya", haelewi unamtuma afanye nini.

Suala hili limekuwa la haraka kwa sababu ya kalenda. Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, ikazinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan jijini Dodoma mwanzoni mwa mwaka 2025. Elimu ya msingi inashuka kutoka miaka saba hadi sita, na elimu ya lazima inakuwa miaka kumi. Ujuzi wa kidijiti umetajwa miongoni mwa stadi ambazo kila mtoto anatakiwa kutoka nazo.

Si mara ya kwanza kutajwa. Mtaala wa 2005 ulikuwa na TEHAMA kama somo la shule ya msingi, na Stadi za Kazi pembeni, ambako mtoto alijifunza vifaa vya mikono. Uliofuata ukaiingiza TEHAMA ndani ya Sayansi na Teknolojia. Majina yamebadilika, ila mtihani umebaki wa kalamu na karatasi. Kitu kinachopimwa kwa karatasi kitafundishwa kwa karatasi, hata uandike sera nzuri kiasi gani.

Vifaa vipo kiasi. Vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya Agosti 2022 viligawiwa walimu nchi nzima. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada ambavyo mwalimu anaweza kuvifungua humo. Tatizo ni kwamba kishikwambi ni cha mwalimu, na bando ni la mfukoni kwake.

Umeme nao una hesabu zake. Serikali inasema vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa, lakini umeme kufika kijijini na umeme kufika darasani ni habari mbili tofauti. Halafu hapa ni Tukuyu, mji unaopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mvua ikianza kupiga bati, mwalimu hasikiki, unyevu unaingia kila mahali, na radi zikianza kila mwenye akili anachomoa waya ukutani.

Kuna jaribio la hapahapa nchini ambalo halizungumzwi sana. Kati ya 2017 na 2019, shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka vishikwambi kwa karibu watoto 3,000 katika vijiji 170 vya Mkoa wa Tanga. Programu zilikuwa za Kiswahili, na kuchaji ni kwa sola. Karibu robo tatu ya watoto hao hawakuwahi kuhudhuria shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma neno hata moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza ilipungua kwa nusu. Washindi wawili, Kitkit School na onebillion, walitangazwa Mei 2019 na kugawana dola milioni 10.

Watoto wale hawakuanza kwa kukariri sehemu za kifaa. Walipewa mkononi, kikiongea lugha wanayoielewa, wakabonyeza wakakosea wakarudia. Darasa la kuimba sehemu za kompyuta haliwapi nafasi hiyo.

Kenya walienda kwa wingi. Ahadi ya kompyuta kwa darasa la kwanza ilitolewa kwenye kampeni za 2013, vifaa vikaanza kugawiwa 2016, na hatimaye vikazidi milioni moja. Vyombo vya habari vya huko vimeripoti mara nyingi kuhusu vifaa vilivyoibwa au kufungiwa kabatini. Kwa Rungwe, kusubiri mzigo wa namna hiyo ni kupoteza muda.

Mahali pa kuanzia pako karibu. Kwenye kituo cha kununulia majani ya chai kuna mizani. Majani yanaingia, uzito unasomwa, unaandikwa, malipo yanatoka. Kuna kinachoingia, kinachochakatwa na kinachotoka, na hiyo ndiyo kazi ya kompyuta tangu ilipobuniwa. Mtoto aliyemsindikiza mama yake kituoni ameshaiona, na anajua vizuri kwamba mzani ukisomwa vibaya na hela inatoka vibaya.

Kupika ndizi pia kunafundisha. Menya, osha, injika, chochea. Ukigeuza mpangilio, chakula hakiivi. Huo ni mpangilio wa maelekezo, ambao ndio roho ya programu yoyote, na unafundishika kwa kadi za karatasi hata siku umeme umekatika. Kikokotozi kimoja kwa kikundi na kishikwambi cha mwalimu kikipita mkono kwa mkono, dakika mbili kila mtoto, vinakamilisha kipindi.

Kinachobaki ni simu ya nyumbani, na hapa wazazi wana kazi. Watoto wengi hutumwa kwa wakala na namba ya siri kichwani. Mtoto hapewi panga hata kama anajua linavyokata, lakini namba ya siri anapewa bila maelezo yoyote. Darasani bado anafundishwa jina la kibodi.

Mwaka 2027 darasa la saba la mfumo wa zamani na darasa la sita la mfumo mpya watamaliza pamoja. Kidato cha kwanza kitawachanganya watoto wa shule binafsi za mjini wenye vyumba vya kompyuta na wale wa Ikuti na Isongole. Vyuo vya ualimu vya Tukuyu na Mpuguso viko ndani ya wilaya hiyohiyo, na wanachuo wake huenda kufanya mazoezi ya kufundisha kwenye shule za msingi kila mwaka.