Mtoto Aogopaye Daktari wa Meno Asikemewe

Kipo kitisho kimoja ambacho kimezoeleka mno majumbani, na ambacho hata baadhi ya walimu hukitumia madarasani. Mtoto akilia au akifanya ukaidi huambiwa: "Nyamaza, la sivyo utapelekwa kwa daktari akakuchome sindano." Kitisho hicho hunyamazisha kelele za dakika tano, lakini hupanda moyoni mwa mtoto mbegu ambayo huota baada ya miaka. Siku jino linapomwuma, mtoto huyo huyo hutakiwa akae kitini kwa utulivu, afumbue kinywa na amwamini mtu aliyefundishwa kumwogopa. Akikataa huitwa mkaidi, na pengine hushikwa mikono na miguu kwa nguvu mpaka jino ling'oke.

Yafaa ieleweke wazi kwamba hofu ya namna hiyo si utovu wa adabu. Ni jambo alilojifunza mtoto, ama kwa kuumizwa, ama kwa kutishwa, ama kwa kuona wakubwa wake wakitetemeka. Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Na jambo lililofunzwa laweza kufunzuliwa.

Madhara ya kuipuuza hofu hii ni makubwa. Mtoto mwenye hofu hukwepa matibabu. Kwa kukwepa, tundu dogo ambalo lingezibwa kwa muda mfupi hupanuka hadi kwenye mzizi. Ndipo maumivu yanapomlazimisha kufika hospitali, wakati tiba imekwisha kuwa nzito na yenye uchungu zaidi. Uchungu huo nao huikuza hofu. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba watoto wapatao milioni 514 duniani wana meno ya utotoni yaliyooza. Katika Tanzania wagonjwa wengi humwendea daktari wa meno pale tu maumivu yanapokuwa hayavumiliki, na mara nyingi tiba wanayoipata ni kung'olewa jino. Hivyo basi, watoto wengi humwona daktari huyo kwa mara ya kwanza katika siku iliyo mbaya kuliko zote.

Elimu ya kuiondoa hofu kwa utaratibu si ngeni. Mwaka 1924 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Mary Cover Jones, alieleza jinsi mtoto mdogo aliyemwogopa sungura alivyoponywa: sungura alisogezwa karibu kidogo kidogo huku mtoto akila chakula akipendacho. Mwaka 1958 Joseph Wolpe, daktari aliyezaliwa Afrika Kusini, alitoa kitabu kilichoueleza kwa kina utaratibu wa kumzoesha mtu hatua kwa hatua kile anachokiogopa. Katika miaka ya 1960 Aaron Beck wa Marekani akaonyesha kwamba mgonjwa aweza kusaidiwa kuyachunguza mawazo yake na kuyapima kama ni ya kweli. Mafundisho hayo ndiyo msingi wa tiba ya mazungumzo ya leo.

Wataalamu wa Swedeni waliijaribu tiba hiyo kwa watoto na vijana 30 wenye umri wa miaka 7 hadi 18 waliokuwa na hofu kali ya matibabu ya meno, wakatoa matokeo mwaka 2016. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 73 ya waliopata tiba ya mazungumzo waliweza kupitia hatua zote za matibabu zilizowekwa katika kipimo. Miongoni mwa waliopewa huduma za kawaida, waliofaulu walikuwa asilimia 13 tu. Idadi ya watoto hao ilikuwa ndogo, lakini tofauti hiyo si ya kudharauliwa.

Tiba yenyewe haina uchawi wowote. Mtoto huulizwa anaogopa nini hasa, kwani mmoja huogopa sindano, mwingine sauti ya mashine, na mwingine kukabwa pumzi. Hofu hizo hupangwa kama ngazi, kuanzia iliyo nyepesi. Leo atakaa kitini bila kutibiwa. Kesho atakishika kioo cha daktari. Siku nyingine atasikiliza mashine ikizungushwa. Hufundishwa kupumua taratibu, na hukubaliana na daktari kwamba akiinua mkono kazi itasimama. Ahadi hiyo ikitimizwa mara moja, imani huanza kujengeka. Ikivunjwa, kazi yote huharibika.

Wapo watakaosema kwamba anasa hii ni ya mataifa tajiri yenye wataalamu wa saikolojia wa kutosha. Ni kweli kwamba wataalamu hao ni wachache, na mtoto mwenye hofu kali anawahitaji. Hata hivyo, kumweleza mtoto kitakachofanyika, kumwonyesha kifaa kabla ya kukitumia na kuusimamisha mkono anapoomba ni mambo ambayo kila tabibu wa meno aweza kufundishwa chuoni. Wala mazungumzo yasigeuzwe kuwa badala ya dawa ya ganzi. Mtoto anayeng'olewa jino bila ganzi ya kutosha ana haki ya kuogopa, na hakuna maneno matamu yatakayomponya.

Wajibu wa kwanza ni wa wazazi na walimu, nao hauhitaji fedha. Kitisho cha sindano na kikomeshwe. Mtoto asidanganywe kwamba hatasikia chochote, maana uongo huo hugunduliwa kitini. Mwalimu anayeona mwanafunzi akishika shavu siku baada ya siku aulize sababu, na awaarifu wazazi mapema. Shule zipange wanafunzi wazuru kliniki wakiwa wazima, ili kiti kile wakizoee kabla ya kukihitaji. Nao wasimamizi wa hospitali wawape matabibu nafasi ya kuzungumza na mtoto, badala ya kupima kazi yao kwa idadi ya meno yaliyong'olewa kwa siku.

Mtoto anayeshikwa kwa nguvu leo hutibiwa jino moja. Anayesikilizwa hurudi mwenyewe kutibiwa mengine, na baadaye huwapeleka wanawe bila kuwatisha.