Staa Kashika Ufunguo, Mnunuzi Kashika Risiti

Picha yenyewe inajulikana. Staa wa Bongo, jina kapuni, miwani myeusi, kashika ufunguo mkubwa wa plastiki mbele ya bango la ghorofa lenye bwawa la kuogelea la kuchora. Chini yake maneno: "Mimi nishachukua yangu, wewe unasubiri nini?" Miaka miwili baadaye bango limepauka, nondo zimeota kutu, mkandarasi kaondoa mashine zake, na ile picha imefutwa ukurasani. Staa yuko kwenye tangazo la sabuni. Mnunuzi yuko palepale na risiti yake mkononi.

Mabalozi wa mijengo wa namna hii wapo wengi, na wanajijua.

Msidhani haya ni ya watu wa Masaki tu. Kijana aliyekulia Kinyala, akashuka Tukuyu, akapanda basi kwenda kutafuta maisha Dar, naye anaota kuwa na funguo zake. Hela anayotanguliza mara nyingi si yake peke yake. Humo ndani kuna parachichi za baba, ndizi za mama, na maziwa ya ng'ombe aliyeuzwa baadaye ili kukamilisha awamu ya pili. Mradi ukifa, unaoumia ni ukoo mzima.

Na miradi inakufa, hata ya wakubwa. Kigamboni kuna Dege, mji wa kisasa ulioanza kujengwa 2014 kwa ubia wa NSSF na kampuni ya Azimio Housing Estate. Zilipangwa nyumba zaidi ya 7,000. Mwaka 2016 kazi ikasimama. Maghorofa yakabaki yamekodoa macho, madirisha hakuna, na baadaye NSSF ikatangaza kuuuza mradi ulivyo. Ile ilikuwa michango ya wafanyakazi, watu wanaokatwa mshahara kila mwezi.

Kawe nako, mradi wa 711 wa Shirika la Nyumba la Taifa ulianza 2014 ukiwa na nyumba 422. Mwaka 2018 ukasimama. Kuna watu walikuwa wameshalipia. Mafundi walirudi pale serikali ilipoiruhusu NHC kukopa tena. Walionunua walisubiri miaka, huku kodi ya nyumba walizopanga ikiendelea kuliwa.

Sasa jiulize. NSSF na NHC ni mali ya umma. CAG anakagua, wabunge wanauliza, ofisi zipo na hazihami. Hata hivyo watu walisota. Je, kampuni ya juzi yenye ofisi ya chumba kimoja, namba ya WhatsApp na staa mmoja wa kukodi, ikiamua kuondoka, nani atamshika nani?

Watetezi wanasema biashara ina hasara, saruji imepanda, benki zimebana. Sawa, ni kweli. Lakini faida ingepatikana ingekuwa ya nani? Ya mwenye mradi. Basi na hasara aibebe yeye. Anayelipia nyumba ambayo haijajengwa ni mkopeshaji asiyelipwa riba na asiye na dhamana. Benki isingekubali mkopo wa hivyo hata dakika moja, ila mama muuza ndizi anaambiwa ni "fursa".

Wenzetu walishalitazama hili. Dubai walitunga sheria mwaka 2007: hela za wanunuzi zinawekwa kwenye akaunti maalumu ya mradi, na mjenzi anatoa kadiri kazi inavyokwenda. India, kwa sheria ya 2016, asilimia 70 ya hela za wanunuzi lazima ikae akaunti ya pekee kwa ajili ya ujenzi na ardhi ya mradi huohuo. Hapa kwetu ipo Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008, inampa mtu hati ya nyumba yake ndani ya ghorofa. Nzuri. Ila hati haikatwi kwa ghorofa la kwenye bango. Kinachotakiwa ni kulinda hela kabla tofali halijapanda.

Na mastaa? Wimbo wao ni mmoja: "Mimi nilikuwa balozi tu." Balozi tu wakati watu walilipa kwa sababu ya sura yako? Kama nyumba hukununua, usiseme umechukua yako. Kama umelipwa kutangaza, sema umelipwa. Na mradi ukisimama, rudi ukurasani kwa kelele zilezile ulizouzia, uwaulize waliokulipa watu watarudishiwa lini. Kufuta picha si msamaha, ni kukimbia na mwenye deni.

Kijijini Kinyala, mzee hanunui shamba kwa picha. Anazunguka mpaka kwa miguu, majirani wanaitwa, uongozi wa kijiji unashuhudia, ndipo hela inahesabiwa. Watoto wake mjini wana simu janja na digrii, halafu wanatuma mamilioni kwa mtu waliyemwona Insta. Nani mshamba hapo?

Nendeni saiti. Ulizeni hati ya kiwanja ni ya nani. Lipeni kwa hatua ya ujenzi, msilipe kwa tarehe. Mkataba useme hela inarudi vipi mradi ukikwama. Wakikataa, wabaki na bango lao.

Ufunguo wa plastiki haujawahi kufungua mlango.