Baada ya Mshono wa Mwisho

Hospitali zetu huhesabu upasuaji kuwa umefanikiwa mgonjwa akitoka mezani akiwa hai. Hesabu hiyo hufungwa mapema mno. Utafiti mkubwa wa matokeo ya upasuaji barani Afrika, uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2018, ulifuatilia wagonjwa 11,422 katika nchi 25. Wengi walikuwa na umri mdogo na maradhi machache, lakini asilimia 2.1 walifariki, mara mbili ya wastani wa dunia, na takriban asilimia 94 ya vifo hivyo vilitokea baada ya siku ya upasuaji. Ndiyo sababu toleo hili linazihusu timu za uangalizi wa wagonjwa mahututi wa upasuaji. Chukua mgonjwa aliyeshonwa utumbo uliotoboka: saa nane usiku mapigo ya moyo yamefika 130, mikono ni baridi, mfuko wa mkojo hauna kitu tangu jioni, ila presha bado inasoma vizuri. Asiyezoea atangoja presha ishuke. Timu iliyozoea itaanza dripu, oksijeni na antibayotiki papo hapo, na itamwamsha mpasuaji, maana mshono ukiwa unavuja hakuna dawa ya kuuziba. Marekani, utafiti wa Ghaferi na wenzake wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba hospitali zenye vifo vingi na zenye vifo vichache zilikaribiana kwa idadi ya matatizo. Zilipoachana ni kwenye kuwaokoa waliokwisha kupata matatizo makubwa: walifariki asilimia 21.4 kwenye zenye vifo vingi, 12.5 kwenye zenye vifo vichache.

Wapo watakaotukumbusha, na wana haki, kwamba jaribio la mwaka 2021 la kuongeza uangalizi katika hospitali za Afrika, pamoja na kuweka vitanda karibu na meza ya wauguzi, halikupunguza vifo. Sisi tunalisoma hivi: kumwona mgonjwa anazidiwa hakumsaidii ikiwa aliyemwona hana dawa, hana mwenzake wa zamu, wala hana idhini ya kuanza tiba. Hoja ya gharama nayo ni nzito, lakini uangalizi wa mahututi si mashine za kupumulia peke yake; mara nyingi kinachokosekana ni huduma ya msingi. Utafiti mwingine wa bara hili, wa mwaka 2025, uliwakuta karibu saba katika kila mahututi kumi wakiwa wodi za kawaida, na zaidi ya nusu ya mahututi wote hawapati matibabu ya msingi waliyohitaji. Kwa hiyo timu hizi zisifungiwe katika wodi ya mahututi (ICU). Zifike wodini, na muuguzi wa zamu ya usiku awe na ruhusa ya maandishi ya kufungua oksijeni, kuanza dripu na kumpigia bingwa simu saa yoyote bila kukaripiwa.