Mgeni anapoingia katika grupu

Juma hili tunazungumza juu ya simu, kwa sababu malalamiko ni yale yale kutoka Kalundu hata Kavimvira: mama anaingizwa leo katika grupu la WhatsApp la likelemba, kesho amekwisha kutoka, na hasemi na mtu tena.

Mara nyingi inakuwa hivi. Mama amepata simu ya kugusa kwa mara ya kwanza. Anaingizwa, hakuna anayemtambulisha wala kumweleza lolote. Usiku anatuma video tatu za maombi na sauti ya dakika sita. Asubuhi wenye grupu wanamrukia: unamaliza mega zetu! Mwingine anatuma picha ya kumcheka. Mama anaona haya, anatoka. Siku ya kutangaza zamu yake ya kupokea, hayupo.

Ugomvi huu si wa Uvira peke yake, wala si wa leo. Zamani kabla ya WhatsApp, wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani walikuwa na mtandao wa mazungumzo ulioitwa Usenet, ulioanza miaka ya 1979 na 1980. Kila Septemba, masomo yakifunguliwa, wanafunzi wapya waliingia humo na kelele zao, wenyeji wakawafundisha, na baada ya majuma machache mambo yakatulia. Lakini 1994 kampuni ya America Online ilifungulia wateja wake mlango huo. Wageni wakawa wengi kuliko wenye kuwafundisha. Wenyeji wakasema kwa uchungu kwamba hii ni Septemba isiyokwisha.

Oktoba 1995 mama mmoja wa kampuni ya Intel, Sally Hambridge, aliandika kanuni za adabu ya mtandao. Alisema kuandika kwa herufi kubwa tupu ni kama kupiga kelele. Hiyo tunaikubali. Alisema pia mgeni asome tu mwezi mmoja au miwili kabla ya kuandika neno. Hiyo, hapana! Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama ambaye pesa yake iko ndani atanyamaza miezi miwili namna gani? Tena wenzetu wengine hawakusoma. Kwao sauti ndiyo kalamu. Tuwaombe dakika moja, tusiwafunge mdomo.

Tuwe wakali kwa habari zisizo na mwenyewe tu. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu na kubomoa nyumba kwa maelfu. Saa kama zile mtu anatafuta mtoto wake kwa simu, na uongo unampeleka njia mbaya. Mwezi ule ule WhatsApp yenyewe iliweka mpaka: ujumbe uliokwisha kupitishwa mara nyingi unatumwa kwa grupu moja tu kwa mara. Hata hivyo, aliyekosa aitwe pembeni, si mbele ya watu wote.

Tunaomba kila grupu lichague mama wa kupokea wageni. Ampigie mgeni siku ile ile, amweleze grupu ni la nini na saa za kuandika, kisha amtaje jina mbele ya wengine. Na wale waliotoka kwa haya, mnawajua. Mwende nyumbani kwao, msiwaandikie. Majina yao yangali katika daftari la likelemba.