Kambi ya Jumamosi na Mgonjwa wa Jumatatu

Ukipita mitaa ya Eastlands, Nairobi, mwisho wa wiki, si ajabu kukuta hema limesimamishwa kwenye uwanja wa shule, mbele ya kanisa au nje ya msikiti. Kuna spika, kuna foleni ya akina mama na wazee, na kuna wafanyakazi wa hospitali fulani ya binafsi waliovaa fulana za rangi moja. Wanapima presha, sukari na macho, na yote ni bure. Ikifika saa kumi hema linakunjwa, picha zinapandishwa mtandaoni, na hospitali inapongezwa kwa kurudisha fadhila kwa jamii.

Sina ugomvi na hema hilo. Daktari aliyeacha mapumziko yake akaja kupima wazee bila malipo anastahili dua. Wahenga wetu walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini hospitali si mtu mmoja mwenye moyo wake. Ni taasisi yenye bajeti, dirisha la malipo na idara ya matangazo. Taasisi ikisema inatoa, tuna haki ya kuuliza: imetoa nini, na kilichotolewa kimemfikisha wapi mgonjwa?

Najua wapo wasomaji watakaosema Eastlands ni habari za bara. Tazama basi majina ya mitaa yenyewe: Majengo, Makadara, Kaloleni, barabara ya Rabai. Majengo ya Pumwani ni makazi ya Waswahili na Waislamu tangu miaka ya 1920. Vijana wetu wanaotoka Mombasa, Kilifi, Kwale na Lamu kutafuta kazi Nairobi, wengi hufikia huko huko, Umoja, Kayole, Buruburu, Eastleigh. Mmoja wao akilazwa, ujumbe wa mchango hauishii Nairobi. Unaingia kwenye kundi la WhatsApp la familia huku Pwani, na nambari ya M-Pesa chini yake. Bili ya Eastlands inalipwa pia Kisauni na Mambrui.

Hisani ya hospitali katika mitaa hiyo ina historia ndefu. Hospitali ya wazazi ya Pumwani ilianza mwaka 1926 kama kazi ya hisani iliyobeba jina la Lady Grigg, mke wa gavana wa wakati huo. Baadaye ikawa mali ya jiji, ikakua hadi kuwa miongoni mwa hospitali kubwa za kuzalisha katika kanda hii. Lakini mwaka 2015 Mahakama Kuu, mbele ya Jaji Mumbi Ngugi, iliamua kesi ya akina mama wawili waliozuiliwa Pumwani baada ya kujifungua kwa sababu hawakuwa na pesa za kulipa. Mahakama ilisema kuwazuilia vile ni kuvunja haki zao. Fikiria njia iliyopitiwa: nyumba iliyojengwa kwa huruma ikaishia kumfungia mlango mzazi na mtoto wake mchanga kwa sababu ya deni.

Fundisho langu hapo ni kwamba hisani ya hospitali haipimwi kwenye hema, inapimwa kwenye dirisha la malipo. Hospitali inayopima presha elfu moja bure uwanjani, kisha ikamzuilia mgonjwa wodini au maiti mochari hadi ndugu wachange, haijatoa kitu. Imetangaza. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachowezekana, na inasema wazi kwamba hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Hiyo si sadaka. Hospitali isijisifu kwa sadaka kabla haijatimiza wajibu.

Acha nitoe mfano wa nyumbani. Mama mdogo wangu anaishi Kayole. Alikwenda kwenye kambi moja ya bure, wakampima, presha ikatoka 180 kwa 110. Akapewa vidonge vya siku saba na karatasi iliyoandikwa amwone daktari. Daktari yupi, wapi, kwa pesa gani, karatasi haikusema. Presha ni ugonjwa wa vidonge vya kila siku, aghalabu kwa maisha yote. Siku ya nane vidonge vikaisha. Aliyemwokoa si hema. Ni mama mmoja jirani, mhudumu wa afya ya jamii, aliyebisha hodi na kipimo chake mkononi, akampima tena, kisha akamshika mkono hadi kituo cha afya cha umma na kumsaidia kujiandikisha SHA.

Huyo jirani ndiye anayejitolea kweli kweli. Septemba 2023 Rais William Ruto alizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii laki moja nchi nzima, wakapewa mikoba yenye vipimo vya presha, sukari, joto na uzani. Kila mmoja hupangiwa takriban nyumba mia moja. Malipo yake ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti, na malalamiko ya kucheleweshewa yamesikika kaunti nyingi. Kwa kiasi hicho anapanda ngazi za maghorofa ya Umoja na kuingia vichochoro vya Mathare, mvua na jua. Hapigwi picha.

Sasa haki itendeke upande wa pili pia. Hospitali binafsi si hazina isiyo na mwisho. Zinalipa mishahara, umeme na dawa. Mwaka 2025 zililalamika hadharani kuhusu mabilioni ya shilingi zilizokuwa zikiidai NHIF, bima iliyoondolewa Oktoba 2024 na nafasi yake kuchukuliwa na SHA. Na bima mpya bado ina ugumu wake kwa watu wa Eastlands. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Muuza mitumba wa Gikomba anatakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima, ambao kwa kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Kwa mtu anayeishi kwa alichopata leo, kutoa 3,600 kwa mpigo si mchezo. Pengo hilo hakuna kambi itakayoliziba.

Hata hivyo ipo hisani inayofanya kazi, na tuitaje. Hospitali ya Mater, kule South B, imekuwa na mbio zake za moyo tangu miaka ya 1990. Watu hununua fulana, wanakimbia au kutembea, na pesa zinasaidia upasuaji wa watoto wenye maradhi ya moyo ambao wazazi wao hawajiwezi. Kinachonipendeza ni kwamba pesa ina jina la kazi yake. Mtoto anaingia, anapasuliwa, anafuatiliwa. Hakuna anayeachiwa karatasi mkononi.

Sisi Waislamu wa Pwani jambo hili halitakiwi kuwa geni. Tunalo neno lake, wakfu. Mwaka 1284 Sultan Qalawun alijenga hospitali mjini Cairo, akaiwekea wakfu wa mali ambazo mapato yake yaliiendesha, ikatibu tajiri na maskini bila kuwatoza. Hakungoja mwisho wa wiki. Alitenga mali, mali ikazaa, na wagonjwa wakatibiwa miaka mingi baada ya yeye kufa. Sadaka ya siku moja ina thawabu zake, lakini mgonjwa wa kudumu anahitaji sadaka ya kudumu.

Kwa hivyo nina mambo manne ninayoomba kwa hospitali zinazopiga kambi Eastlands. Kwanza, kila anayekutwa na tatizo akabidhiwe, kwa ridhaa yake, kwa mhudumu wa afya wa mtaa wake na kituo kilicho karibu naye, na hospitali iulize baada ya mwezi mmoja kama alifika. Pili, daktari bingwa anayetolewa Jumamosi moja kwa mwaka atolewe asubuhi moja kila wiki katika kituo cha umma, Dandora au Kariobangi, siku ijulikane. Tatu, kila mwaka hospitali itangaze imesamehe bili za wagonjwa wangapi na kwa kiasi gani, kama inavyotangaza idadi ya waliopimwa. Nne, isizuilie mtu wala maiti kwa deni.

Na kwetu pia pana kazi. Vyama vya watu wa Pwani walioko Nairobi huchanga sana, lakini tunachanga mgonjwa akiwa tayari amezidiwa. Kama kila chama kingetenga sehemu ya michango ya mwaka kuwalipia SHA wanachama wake wasiojiweza, familia ishirini zingehitaji shilingi 72,000 kwa kiwango cha chini. Bili moja ya chumba cha wagonjwa mahututi huweza kupita hapo kwa siku chache tu. Wenye vyama, mkutano ujao lifanyeni hili ajenda ya kwanza, kabla ujumbe mwingine wa mchango haujaingia kwenye simu zetu.